Ubao Ulioenda Chicago

Chicago, 3 Machi 1957

Mama mpendwa,

Naomba uniwie radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya Krismasi iko hapa jikoni, nimeibana nyuma ya kopo la unga ili niione kila asubuhi, na kila asubuhi naiona na kuona haya. Nilikuwa nasema nitajibu Dewitt akilala. Lakini Dewitt akilala na mimi nalala, hata kama nimesimama. Meno mawili ya chini yametoka, mengine yako njiani, na jengo zima limeshapata habari.

Mimi ni mzima. Bado nafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia, upande wa mashuka ya hoteli, na Bi Maudie wa chini ananishikia mtoto mchana. Ni mwanamke mwema, ila anamlambisha kahawa kwa kijiko akidhani sijui. Mikono yangu imekuwa ya mtu wa miaka hamsini. Vidole vimeungua na mvuke mpaka havisikii tena nyuzi za gitaa, na kwa hilo nashukuru.

Hilo gitaa ndilo nataka kukueleza, kwa hiyo keti kwanza.

Kuna bendi ya Lonzo Rucker, mpiga harmonika ya mdomo aliyetoka Tunica, huko huko kwetu, inayopiga mwisho wa wiki kwenye ukumbi wa mtaani kwetu. Walikuwa wananiita niimbe nyimbo mbili tatu. Siku moja mpiga gitaa wao hakutokea, nikalichukua gitaa mimi, nikapiga ule wimbo wa baba, ule wa waya. Mama, watu waliweka karata chini. Rucker akasema huu lazima uingie kwenye santuri. Akatupeleka kwa mzungu mmoja, Bwana Gorman, mwenye studio ndogo nyuma ya duka la samani.

Haukuingia. Sakafu ya pale ni saruji, na juu yake zulia nene kama sufu ya kondoo. Nikianza kugonga mguu, fundi aliyeko nyuma ya kioo ananiambia mguu wangu unasikika. Namwambia ndiyo, ni sehemu ya wimbo. Wakaniletea blanketi wakalikunja chini ya kiatu. Basi wimbo ukafa. Ulikuwa kama mtu anayesema huku kafunikwa mto usoni.

Bwana Gorman akasema, "Sauti unayo. Lakini wimbo wako hauhami."

Nikamwambia hauhami kweli. Unajua bluzi za bendi za huku zilivyo. Zinaanzia nyumbani, zinapanda ngazi, zinarudi, zinapanda mbili, zinarudi, hata mlevi anajua zitageukia wapi. Wimbo wa baba unakaa pale pale kama mtu aliyeketi barazani. Bwana Gorman anasema watu hawanunui wimbo uliokaa. Ametupa nafasi nyingine baada ya Pasaka: ama uhame kama nyimbo nyingine, ama asiusikie tena.

Mimi nataka uingie kwenye santuri kama ulivyo. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nimtake Dewitt.

Kwa hiyo nakuuliza. Ule waya uliokuwa umefunga fagio, ambao baba aliupigilia kwenye ukuta wa barazani, bado upo? Na chupa ya ugoro ya kuukaza alikuwa anaichomeka wapi, karibu na msumari wa juu au wa chini? Gitaa linajitahidi, lakini pale nyumbani mtu akigonga waya ilikuwa inaimba nyumba nzima. Huku sina nyumba inayoimba. Nina kuta za lipu na jirani anayepiga bomba kwa ufagio.

Dewitt anakusalimu kwa mate.

Binti yako,
Ozella

Como, Mississippi, 11 Machi 1957

Ozella binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa ajili ya mtoto na mara moja kwa ajili ya upuuzi.

Mtoto kwanza. Kahawa hapana. Mwambie huyo Bi Maudie nimesema mimi. Msugue ufizi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Halafu mlete huku. Mjomba wako Early yuko kwenye treni kila wiki akitandika vitanda vya wenye nazo, atamleta kama yai. Wote mlioko huko mnaleta watoto kwa bibi zao, Dada Beulah anao wanne. Mtoto anataka uwanja na kuku wa kukimbiza. Wewe unataka usingizi. Sioni tatizo liko wapi.

Sasa upuuzi. Shemasi Tyree ana mpwa huko Chicago, naye ameshaandika kwamba binti wa Lutie Pegues anaonekana mahali pa pombe na gitaa begani. Shemasi aliniambia Jumapili mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, mimi nimevaa glovu zangu nyeupe za uhudumu nawagawia waumini pepeo za mkono. Nikampa upepeo nikamwambia ajipepee.

Lakini kumjibu Tyree si kukubaliana na wewe. Habari za waya usiniulize. Ukuta ni ukuta. Ule wimbo haukutengenezwa kwa ajili ya ukumbi, wala santuri, wala huyo Rucker. Uache ulipo.

Na nimeona jambo lingine. Barua ina kurasa nne na Raymond, baba wa mtoto, hayumo. Mwanamume wa futi sita hapotei kwenye kurasa nne. Sitauliza mara ya pili.

Early anakuletea shira ya mtama na soseji. Soseji zianze kuliwa zile nyembamba.

Mama yako,
Lutie Pegues

Chicago, 19 Machi 1957

Mama mpendwa,

Shira imefika, soseji zimefika, na Mjomba Early alikunywa maji amesimama kwa sababu treni ilikuwa inamsubiri. Asante. Nilizipika zile nyembamba kwanza.

Hutauliza mara ya pili, nami nitajibu mara moja. Raymond aliondoka Novemba kwenda Detroit kutafuta kazi kwenye viwanda vya magari. Alisema atatuita. Ametuma kadi moja yenye picha ya daraja. Ndiyo sababu sikuandika. Kila nikishika kalamu ilibidi nikudanganye au nikuambie, na sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

Lakini Dewitt haji. Nakuheshimu, na nakuomba usiliseme tena. Mwaka ule wa msiba wa Mjomba Sip, mama wa wale watoto wanne alikuja kutoka Cleveland na zawadi mikononi, na yule mdogo akajificha chini ya kitanda cha Dada Beulah akamkataa. Mimi ndiye niliyeinama kumvuta mguu. Sijasahau uso wa yule mama. Nimechoka, ndiyo. Nitachoka na mwanangu.

Sasa wimbo. Rucker amemleta mpiga gitaa mpya, anaitwa Purvis, wa St. Louis, ana pete kubwa kuliko kidole. Purvis anaweza kupiga kila kitu kilichomo kwenye santuri yoyote. Kisichokuwemo hakijui. Tulikutana mazoezini Jumamosi mchana.

Rucker akasema, "Wewe imba tu, Ozella. Vaa lile gauni la kijani, gitaa mwachie Purvis."

"Purvis anaujua wimbo?"

"Una nini cha kujua?" Purvis akasema. "Umekwama mahali pamoja. Nitaunyanyua kidogo, dada, utashukuru."

"Haujakwama. Umeketi."

"Basi tuutafutie kiti magurudumu."

Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha kijiti, na Rucker naye akacheka. Wakaupiga kwa mtindo wao. Mama, ulikuwa wimbo safi kabisa. Ulipanda, ukashuka, ukageuka, ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nilisikia kama wamemvalisha mwanangu nguo za mtoto wa jirani.

Nikafunga gitaa kwenye sanduku lake. Nikamwokota Dewitt, alikuwa amelala juu ya koti la Rucker. Nikiwa mlangoni Rucker akaniuliza sasa ataimba nani. Nikamwambia amuulize Purvis.

Kwa hiyo hapa nilipo sina bendi, na Pasaka inakuja, na sijutii.

Nikuambie jambo moja zaidi, hata kama hutaki kulisikia. Juzi nilikuwa na nusu siku ya mapumziko na Dewitt alilia tangu nilipoingia. Nilimtembeza, nikamsugua ufizi kama ulivyosema, hakutaka. Nikakaa naye sakafuni, nikaanza kugonga kabati kwa mkono na kumwimbia ule wimbo chini chini. Akanyamaza. Nikasema ngoja nimjaribu. Nikaupandisha kama Purvis. Akalia. Nikaurudisha nyumbani, akanyamaza. Nikapandisha tena, akalia tena na kunitazama kama nimemwibia. Basi nikakaa pale pale mpaka akalala mdomo wazi.

Mtoto asiye na meno manne anajua asichokijua Bwana Gorman. Laiti baba angekuwepo akaona. Yeye angenielewa.

Binti yako,
Ozella

Como, Mississippi, 30 Machi 1957

Ozella,

Mambo ya Raymond nimeyasikia. Sitamsema, kwa kuwa nikianza karatasi haitatosha. Umefanya vizuri kuniambia.

Kilichonichoma ni mstari wako wa mwisho. Baba yako Otha alikuwa mtu mwema na nilimpenda, nami nitamlilia mpaka nimfuate. Sasa keti wewe.

Ule wimbo si wa Otha. Ule wimbo ni wangu.

Ulizaliwa na tumbo la kusokota. Ulilia tangu pamba ilipotoa maua mpaka ilipochumwa. Otha alikuwa shambani, mama mkwe wangu alikuwa ananiambia maziwa yangu mabaya. Siku moja nikachukua fagio langu jipya, nikalifungua waya wake, mama mkwe akanitukana kwa fagio lile mpaka alipokufa. Nikapigilia misumari miwili ukutani pale barazani penye kivuli, nikachukua chupa yake ya ugoro nikaichomeka chini ya waya, karibu na msumari wa chini, kwa kuwa umeuliza. Nikakubeba mkono wa kushoto, nikagonga kwa wa kulia, mguu ukikutikisa. Nilianza na nyimbo za kanisa. Kila wimbo ulipopanda, na wewe ulipanda. Nikatafuta tafuta mpaka nikapata mahali uliponyamaza, nikakaa hapo. Nilikaa hapo kiangazi kizima.

Kwa hiyo mwambie Bwana Gorman wimbo hauhami kwa sababu wewe ulikataa uhame. Na mwanao amekataa vile vile, na hakuna aliyemfundisha.

Otha aliusikia akirudi shambani, akauhamishia kwenye gitaa, akaenda nao kwenye sherehe za mbuzi kule milimani, kwenye filimbi na ngoma. Watu wakasema Otha katunga. Aliniuliza kama aseme ukweli. Nilikuwa nimebatizwa mwaka ule na kuvishwa glovu, nikamwambia anyamaze. Usimlaumu. Sikunyamaza kwa kuwa niliona wimbo ni wa shetani. Shetani hakuwepo barazani siku ile, nilikuwepo mimi. Nilinyamaza kwa ajili ya Shemasi Tyree na wenzake, na sasa nimemchoka Shemasi Tyree.

Waya upo. Naupiga watu wakienda shambani, nikisubiri mkate uive. Nilikuwa naupiga, niseme hivyo, maana wiki hii nimeung'oa pamoja na ubao wake. Waya bila ubao ni waya wa fagio tu. Ubao ndio uliokusikia. Early ameupakia na kuulaza chini ya vitanda vya wazungu, kwa hiyo huenda ukaupata kabla ya barua hii na kudhani mama yako amerukwa na akili. Misumari iko kwenye soksi.

Bwana Cathey alipita na farasi kutazama nyumba yake, maana nyumba ni yake hata kama usingizi ni wetu. Akaona pengo. "Lutie, ubao wangu uko wapi?"

Nikamwambia, "Umeenda Chicago, bwana, kama watu wengine."

Akageuza farasi. Pengo nimeliziba kwa debe la mafuta ya nguruwe nililolipasua na kulinyoosha. Linang'aa vizuri jua likitoka.

Jana walikuja mashemasi watatu. Wamesikia kwamba nakutumia vyombo vya bluzi, wanataka nirudishe glovu. Nikawanyooshea mikono yote miwili. Nikawaambia anayezitaka azivue mwenyewe. Wakala keki wakaenda.

Nina masharti mawili. Wimbo usihame. Na pale kwenye santuri wanapoandika aliyetunga, waandike jina langu, si la Otha. Na mtoto akae na mama yake. Hilo la tatu limekuja lenyewe.

Mama yako,
Lutie

Chicago, 28 Aprili 1957

Kwa Bi Lutie Pegues,

Shikamoo. Mimi ni Lonzo Rucker, mwenye bendi. Hatujaonana, ila ubao wako nimeupandisha ngazi kwa mabega yangu, kwa hiyo nadhani nina ruhusa ya kulalamika.

Binti yako alikuja mazoezini na mtoto ubavuni na kipande cha nyumba mkononi. Akasema amekuja kunipa nafasi. Kunipa mimi nafasi, kwenye bendi yenye jina langu. Nikamuuliza huo ni ubao gani. Akasema, "Huu ndio mwenye wimbo. Sisi wengine tunaufuata." Akaupigilia kwenye nguzo ya ukumbi na kuugonga mara moja. Bi Lutie, mimi ni mtu wa Tunica, nilikuwa na waya ukutani kwetu nikiwa na kaptura. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Niliketi.

Siku ya studio Bwana Gorman alisema pale si kwa seremala, hakuna msumari utakaoingia kwenye ukuta wake. Binti yako akasema basi hakuna wimbo utakaoingia kwenye mashine yake. Wakatazamana kama paka. Halafu Bwana Gorman akaenda kula.

Fundi wake ni Mpolandi asiyesema. Akanyoosha kidevu kuelekea stoo ya samani. Mlango wa mbao ya zamani, sakafu ya mbao, zulia hakuna. Ozella alikuwa na nyundo kwenye begi la nepi. Tukapigilia ubao kwenye mlango, fundi akavuta waya wa maikrofoni mpaka huko, mtoto akawekwa juu ya koti langu, ambalo sasa ni lake. Purvis alipewa kazi moja, kukaa mahali pamoja bila kuhama. Jasho lilimtoka. Ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Mimi nilipiga harmonika kwa namna ambayo sikujua bado ninayo.

Bwana Gorman akarudi na mkate mkononi. "Nani amenipigilia misumari mlangoni?"

"Mimi," binti yako akasema. "Sikiliza kwanza, halafu ukasirike."

Akasikiliza mpaka mwisho. Mkate hakuutafuna. Mengine atakueleza yeye, maana anasema mimi naongeza chumvi.

Nina swali moja. Mguu uliokuwa ukiutikisa barazani ulikuwa wa kushoto au wa kulia? Mpiga ngoma wangu amechanganyikiwa.

Kwa heshima,
Lonzo Rucker

Chicago, 26 Mei 1957

Mama mpendwa,

Safari hii sijachelewa sana, na iliyochelewesha ni habari njema. Santuri ninayo hapa mezani. Ni nyeusi, ndogo kuliko sahani ya chakula, na nimeifuta vumbi mara nyingi kuliko vyombo. Ya kwako Mjomba Early anakuletea ndani ya shati lake.

Ubao ulikuja kwanza, kama ulivyosema. Nilifungua mlango nikamkuta mjomba amekumbatia ukuta wa nyumbani kwetu, na nilijua ni upi kabla hajasema, kwa alama za kucha zangu. Nilidhani kweli umerukwa na akili. Nikaketi nao sakafuni. Siku mbili baadaye barua ikaja, nikaisoma, nikairudia nimemweka Dewitt mapajani, na sikwenda kazini siku ile. Nilidhani baba ndiye aliyeniachia kitu. Kumbe nilikuwa mkononi mwako wakati unakitengeneza. Nimekukasirikia kidogo kwa miaka hiyo yote ya kunyamaza. Hasira imepita. Iliyobaki namkasirikia Tyree.

Nikueleze la jina, kwa kuwa Rucker hakulieleza. Bwana Gorman alipokwisha kusikiliza alisema atauchapa, upande wa nyuma, na mbele utakaa wimbo wa Rucker unaohama. Nikasema sawa. Akachukua kalamu. "Umetungwa na nani?"

"Lutie Pegues."

"Ndiye nani?"

"Mwenye ubao."

"Ni mwanamume?"

"Ni mama yangu."

Akacheka, akasema wanunuzi hawamjui mama yangu, ataandika Rucker, jina la bendi, inakuwa rahisi kwa kila mtu. Nilichukua nyundo, nikaenda mlangoni, nikaanza kung'oa misumari, na kila msumari ulipotoka ulipiga kelele. Ndipo Rucker, mtu ambaye hajawahi kukataa cha bure maishani mwake, akavua kofia. Akasema, "Usiniandike mimi. Mimi nilifuata ubao tu." Purvis naye akasema asiandikwe yeye, ingawa hakuna aliyekuwa amemfikiria.

Geuza upande wa nyuma, Mama, usome chini ya jina la wimbo. Mpelekee Shemasi Tyree asome, kama miwani anayo.

Hapa mtaani wameanza kuigeuza santuri. Kwenye ukumbi wanaweka upande wa Rucker mara moja kwa adabu, halafu wanageuza. Bendi ya mtaa wa pili imesikia kwamba tulirekodi kwenye mlango, sasa wamenunua mlango. Mlango mzima, una kitasa, wameusimamisha jukwaani na kuupigilia waya. Unatoa sauti ya mlango. Nimemwambia Rucker asicheke mbele yao.

Raymond ameandika kutoka Detroit, ameusikia kwenye redio, anauliza kama ni mimi. Nimemjibu kwamba ni sisi, na kwamba mwanawe ana meno sita. Zaidi ya hapo sijaandika.

Sasa kuna vitu ambavyo bado navihitaji, umpe Mjomba Early. Waya mwingine wa fagio, maana huu umekatika, na fagio za huku zimefungwa kwa uzi. Chupa nyingine ya ugoro, ile ya zamani Dewitt aliiviringisha chini ya jiko la Bi Maudie na haikutoka nzima. Jibu la mguu, lakini niandikie mimi, usimwandikie Rucker, nataka aendelee kusumbuka. Shira, kama bado ipo. Soksi usitume, Dewitt anazo. Picha yako umevaa glovu, ukiwa umesimama mbele ya lile debe linalong'aa. Maneno ya ubeti wa tatu: naimba miwili, lakini najua palikuwa na wa tatu, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa unavuta pumzi kabla yake. Na ubao wa pili, ule ulio jirani na pengo, urefu ule ule, kwa kuwa wa kwanza nimeupigilia hapa jikoni na Dewitt anaugonga kwa kijiko hataki niushushe, nayo bendi inataka kusafiri. Bwana Cathey akiuliza, mwambie huo nao umemfuata ndugu yake.

Binti yako,
Ozella